Kilichochakaa na Kilichorudi Kisafi

Kitabu kilichopendwa kuliko vyote kwenye rafu yangu mwaka huu kimerudi hakina jalada. Kurasa zake za mwanzo zina alama za vidole vya vumbi jekundu, na katikati, pale penye kesi, kuna ganda la kitunguu lililokauka likagandamana na karatasi. Ni Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere iliyotoka mwaka 1969. Waliokisoma ni kina mama wanaochambua vitunguu katika soko la Misuna, hapa Singida mjini. Tamthilia ya Shakespeare yenye umri wa zaidi ya miaka 400 imewapita kina Willy Gamba wa riwaya za kijasusi na hadithi zote za mapenzi, tena imewapita kwa mbali.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Nilisomea ualimu Kinampanda, nikafundisha Iramba miaka mingi kabla ya kuhamia mjini, na nilipostaafu nikafungua duka dogo la madaftari na kalamu pale Ipembe. Nyuma ya meza kuna rafu ya vitabu vyangu mwenyewe, navyo huviazimisha. Masharti ni mepesi: unaandika jina kwenye daftari, unachukua kimoja, ukikirudisha unachukua kingine. Msimu wa kusoma kwetu unafuata kilimo. Uwele, mtama na alizeti vikishavunwa, kuanzia Juni hivi, watu wanapata jioni zao. Mwishoni mwa Novemba, mawingu yakianza kujikusanya, navikusanya na mimi vitabu vyangu, maana mtu anayewahi shamba alfajiri hana macho ya kusomea usiku. Ndipo ninapomuuliza kila anayerudisha maswali mawili: kipi kilikukaa rohoni, na kipi kilikuchosha?

Nchi nyingine zimelizoea swali hili. Uingereza na Marekani, kila Desemba magazeti huuliza waandishi na wasomaji wao wataje vitabu vya mwaka, na watu hubishana hadi Januari. Sisi tunazo tuzo, na ninazifurahia kwa dhati. Tangu Aprili 2023 tunayo Tuzo ya Kitaifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na kabla yake ilikuwepo ile ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili. Lakini tuzo hutolewa na jopo la majaji. Msomaji wa Misuna, wa Ilongero, wa Shelui, ni lini ameulizwa alichokipenda na kilichomkera?

Na ukimuuliza, usitarajie jibu la haraka. "Vyote vizuri, mwalimu, asante sana." Hilo ndilo jibu la kwanza la karibu kila mtu, na ni jibu la adabu. Umemwazima kitu, kukisema vibaya mbele yako ni sawa na mgeni kumwambia mwenyeji kwamba mchuzi wake hauna chumvi. Juu ya hayo, wengi wetu tulikutana na kitabu darasani, mahali ambapo hatukuulizwa kama tumekipenda. Tuliulizwa dhamira zake.

Kwa hiyo kabla sijamsikiliza msomaji, nakikagua kitabu. Nakifungua na kuangalia uti wake umevunjikia wapi. Natafuta pembe zilizokunjwa. Natafuta doa la mafuta ya alizeti, kwa sababu doa hilo linaniambia kwamba mtu alikuwa jikoni, chakula kiko motoni, na bado hakuweza kukiweka kitabu chini. Kisha natafuta ukurasa ambapo uchafu unakoma. Kama vidole vimechafua hadi ukurasa wa thelathini na kuanzia hapo karatasi ni nyeupe, huyo aliishia hapo, hata kama anaapa kwamba kilimfurahisha mwanzo hadi mwisho. Nikishamwonyesha ukurasa huo, mazungumzo ya kweli yanaanza.

Turudi Misuna. Kina mama hawa hukaa chini ya banda mchana kutwa, wanakata mikia ya vitunguu, wanatenganisha vikubwa na vidogo, vilivyooza wanaweka pembeni, vizuri vinaingia kwenye magunia kusubiri malori. Mikono inafanya kazi, masikio yako huru. Mmoja wao alimaliza kidato cha nne na ana sauti nzuri. Yeye ndiye aliyekuja dukani Julai kununua daftari la kikoba, akaona jina la Nyerere kwenye rafu, akauliza kama Mwalimu aliandika hadithi pia. Nilimweleza kwamba alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, nyingine ikiwa ya Juliasi Kaizari, na kwamba lugha yake ni ya mizani, haisomwi kwa pupa. Akasema wataisoma kwa sauti.

Kusoma kwa sauti ndiko kulikowaokoa. Maneno ambayo jicho linayakwaa, sikio linayapokea. Siku chache za mwanzo, aliniambia, wenzake walikuwa wakicheka tu majina. Kisha wakafika pale mfanyabiashara Antonio anapokubali kutia saini hati ya mkopo: asipolipa kwa siku iliyowekwa, mkopeshaji wake Shailoki atakata ratili ya nyama ya mwili wake. Shailoki anaieleza hati hiyo kama mzaha, na Antonio anaikubali. Hapo banda zima likanyamaza, kisha kila mtu akaanza kusema kwa wakati mmoja.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa sana kwa nini. Mikopo tunayoiita kausha damu imeingia kila soko nchini. Mama anahitaji mtaji wa magunia mawili asubuhi hii, si wiki ijayo. Anayekopesha hamuulizi hati ya nyumba, anamwekea karatasi mbele, mara nyingi haisomeki, na marejesho yanaanza keshokutwa. Akichelewa, riba inazaa riba, na wanakuja watu kubeba kochi, televisheni, godoro, hata sufuria. Sheria ipo: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Sokoni, anayekuja na fedha mkononi haulizwi leseni. Wapo chini ya banda lile waliowahi kutia saini kama Antonio, huku wakicheka, kwa kuwa jumla ilionekana ndogo na siku ya kulipa ilionekana mbali.

Pale penye kesi ndipo walipokirudia kitabu mara nyingi, na ndipo nilipokuta lile ganda. Porshia, aliyejivika mavazi ya mwanasheria, anamruhusu Shailoki akate nyama yake kama hati inavyosema, ila asimwage hata tone moja la damu, kwani damu haimo kwenye hati. Jaribu kuisoma hukumu hiyo mbele ya watu ambao deni lao lina jina la damu. Nimeambiwa walipiga vigelegele hadi wapakiaji wa malori wakaja kuuliza nani anaolewa.

Mapenzi hayo hayakuwafunga macho, na hilo ndilo lililonigusa kuliko vigelegele. Mama mmoja, mkubwa kuliko wenzake, alikataa kushangilia. Hoja yake ilikuwa kwamba mzee Shailoki wamemtukana na kumtemea mate kwa dini yake miaka yote, na siku amewapata ndipo wanamkumbusha huruma. Walipofika kwenye masharti ya mwisho, Shailoki anapolazimishwa kubadili dini, banda liligawanyika. Singida yetu ina nyumba nyingi ambamo baba anaswali Ijumaa na shangazi anaimba kwaya Jumapili, na watu wanazikana bila kuulizana. Kumvua mtu dini yake kwa amri ya mahakama hakukuwaingia. Nilipomuuliza msomaji wao swali langu la pili, kipi kilikuchosha, alinitajia kurasa hizo hizo za kitabu hicho hicho. Wataalamu wa Shakespeare wamebishania jambo hilo karne nyingi, na kina mama wa Misuna wamelifikia wenyewe, huku mikono yao ikiendelea kuchambua vitunguu.

Deni, nadhani, ndilo lililotawala mwaka huu kwenye rafu yangu, kwani kitabu kilichofuata kwa kugombaniwa nacho kinaanza na deni. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi Oktoba 2021, wengi hapa walilisikia jina lake redioni kwa mara ya kwanza. Riwaya yake ya mwaka 1994, Paradise, ilitafsiriwa na Ida Hadjivayanis na ikatoka mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Yusuf, mvulana wa miaka kumi na miwili, anachukuliwa na tajiri anayemwita mjomba, na muda si mrefu anaambiwa kwamba huyo si mjomba wake. Baba yake amemweka rehani.

Nakala yangu ilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, imefungwa kwenye boksi la sabuni, na haikukaa rafuni wiki moja. Aliyekaa nayo muda mrefu ni mfanyabiashara wa asali wa Itigi. Yeye alikuwa na sababu yake. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita katika pori lililopewa jina la Mgunda Mkali, nchi kavu ya vichaka iliyo katika Manyoni na Itigi za leo, na wapagazi waliiogopa kwa kiu yake. Mtu huyu anavijua vichaka hivyo kwa miguu. Ndimo anamofuata mizinga. Kwa hiyo zile sura za safari ya bara, mizigo, maradhi, hongo kwa watemi, alizisoma kama mtu anayekagua kazi ya fundi mwenzake, na akampa mwandishi alama zote. Pembe za kurasa hizo zimekunjwa karibu zote.

Kisha akafika mwisho, akakasirika. Hakukasirika peke yake. Muuguzi aliyekisoma baada yake alikasirika, na kijana anayesoma chuo alikasirika zaidi. Wasiokisoma wanisamehe: Yusuf, ambaye tumemsubiri kitabu kizima ajikomboe, anauona msafara wa askari wa Wajerumani ukiondoka, naye anaukimbilia. Kitabu kimeisha. "Mwalimu, ukurasa wa mwisho umechanika?" kijana yule aliniuliza, na hakuwa anatania. Watu watatu, kila mmoja kwa wakati wake, walikitaja Peponi kuwa ndicho kilichowaudhi mwaka huu, na wote watatu walikaa dukani kwangu saa nzima wakikizungumzia.

Msimamo wangu ni kwamba Gurnah alimaliza panapostahili. Mtoto aliyelelewa kama rehani amefundishwa kitu kimoja, kuwa na bwana. Lango likifunguka, miguu yake inajua njia moja. Inauma, nami nakubali kwamba inauma. Lakini nilichojifunza kwa wasomaji hawa ni kutofautisha kitabu kilichochukiwa na kitabu kilichoachwa. Kilichochukiwa kimesomwa. Kimechakaa sawasawa na kile kilichopendwa, na pengine mwenye hasira alirudi nyuma kurasa nyingi kutafuta alipodanganywa. Peponi kimerudi na uti umelegea, na foleni yake ya mwakani imeshaanza.

Vilivyoachwa ndivyo vilivyorudi visafi, na vingi mwaka huu ni vile vitabu vya mafanikio vinavyouzwa kwenye mabasi na stendi: siri za kupata utajiri, tabia za watu waliofaulu, jinsi ya kuamka mapema. Vinanunuliwa sana, na wanunuzi wakishamaliza shauku wananiletea niviweke kwenye rafu. Navipokea kwa heshima ya aliyeleta. Kijana mmoja wa bodaboda alichukua kimoja Agosti na kukirudisha baada ya siku tatu. Nikakifungua, vumbi lilikoma kwenye sura ya pili. Akanieleza kisa: "Mwalimu, kinaniambia niamke saa kumi. Mimi naamka saa tisa." Sijawahi kusikia uhakiki uliotosheleza kuliko huo. Kitabu kinachompa maskini lawama ya umaskini wake, bila hata neno moja kuhusu bei ya mafuta ya pikipiki au fedha anayompelekea mwenye chombo kila jioni, hakijamwona msomaji wake. Kijana huyo nilimpa Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, ya mwaka 1974. Alikirudisha kesho yake asubuhi, macho mekundu, akitaka kingine cha Willy Gamba.

Wanafunzi wa sekondari wananipa matatizo ya namna yake. Kwa miaka mingi kidato cha tatu na cha nne wamepewa vitabu vile vile: Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, Joka la Mdimu, Orodha, Ngoswe Penzi Kitovu cha Uzembe. Ninapowauliza walichokichukia, wanavitaja hivyo. Ninapowauliza walichokipenda, nusu yao wanavitaja hivyo hivyo. Nilikuwa sielewi hadi nilipoanza kuwauliza walisoma nini hasa. Wengi hawakusoma vitabu vyenyewe. Walisoma kijitabu cha tahakiki, kile kinachoorodhesha dhamira, wahusika, falsafa ya mwandishi, kufaulu na kutofaulu kwake, tayari kwa kumwagwa kwenye karatasi ya mtihani. Muulize mwanafunzi huyo Sekai ni nani katika Takadini, atakwambia upesi: ni mama jasiri, ana mapenzi kwa mwanawe, anafaa kuigwa na jamii. Muulize Sekai alitoroka vipi na mtoto mgongoni, anakutazama.

Hilo linaniuma. Mtoto huyo atakwenda maishani mwake akisema kwamba vitabu vya Kiswahili vinachosha, wakati hajaonja hata kimoja. Wale waliokaa na kitabu chenyewe wanasema mengine kabisa. Ngoswe ya Edwin Semzaba kwa mfano imepata wapenzi wapya. Mnakumbuka Agosti 2022, makarani wa sensa walivyozunguka nyumba kwa nyumba na vishikwambi, na matokeo yalivyotoka, Singida ikihesabiwa watu milioni 2 na ushee. Baadhi ya vijana wanaokuja kwangu walikuwa makarani hao. Wamesoma habari za karani wa mjini anayefika kijijini kuhesabu watu, anampenda Mazoea binti wa Mzee Mitomingi, na makaratasi ya sensa yanaishia motoni. Mmoja alinieleza kwamba alipokuwa shule aliona ni kichekesho. Safari hii alikisoma akifikiria kishikwambi chake alichokuwa akilala nacho chini ya mto.

Na Takadini yenyewe ina msomaji mmoja ambaye lazima nimtaje, ingawa sitamtambulisha. Riwaya hiyo ya Ben Hanson inasimulia mama wa Zimbabwe ya kale anayekimbia na mtoto wake mwenye ualbino ili asiuawe. Tunaishi kando ya mikoa ambako, katikati ya miaka ya 2000, watu wenye ualbino walianza kuwindwa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina, na hofu ilifika mpaka kwetu. Mama huyu ana mtoto wa namna hiyo. Alichukua kitabu mwezi wa saba. Hajakirudisha, na sitamdai.

Kuhusu ugomvi wa wazi, mwaka huu ulikuwa mmoja. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971 iliwahi kuzuiwa mashuleni, kwa sababu ya jinsi inavyosema waziwazi kuhusu binti, wanaume, mimba na kifo. Zaidi ya miaka 50 baadaye, baba mmoja alikileta dukani mkononi, amekikuta kitandani kwa binti yake. Alisema hakifai. Nikamuuliza amesoma mpaka wapi. Alikuwa amesoma mpaka pale Zakaria, baba yake Rosa, anapompiga kwa sababu ya barua ya mvulana, na hapo akafunga. Nilimwomba aendelee kidogo, aone kipigo hicho kilimpeleka wapi yule binti, kisha aamue. Hakunijibu, ila aliondoka nacho. Kilirudi Oktoba, na aliyekirudisha ni binti. Nilikagua: kimesomwa mpaka mwisho, na mtu fulani amepiga mstari kwa kalamu ya risasi, mkono mzito, kwenye kurasa za Zakaria. Sikuuliza ni nani.

Cha Kezilahabi kingine, Nagona, cha mwaka 1990, ni kitabu chembamba kuliko karibu vyote nilivyonavyo, na hakuna aliyekimaliza. Watu wanakichukua kwa wembamba wake. Uchafu hauvuki kurasa za mwanzo. Mimi nakipenda sana, na kila mwaka namshawishi mtu mmoja. Nitaendelea, kwa kuwa naamini kuna msomaji wake hapa Singida ambaye bado hajapita dukani. Lakini hukumu ya rafu lazima niiandike ilivyo.

Kuna kitabu kimoja kilichotajwa ambacho hakikutoka kwangu. Mzee wa Ilongero, aliyekuja na mjukuu wake kununua madaftari, alisikia nikimuuliza mtu mwingine maswali yangu na akaomba na yeye aulizwe. Kitabu chake cha mwaka huu, na cha miaka yote, ni kijitabu cha Mtu ni Afya. Vijana hawakijui. Mwaka 1970 serikali iliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 ikaja kampeni hiyo ya redio ya wiki kumi na mbili. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika kwenye vikundi, redio katikati, kijitabu mkononi, wakajifunza habari za malaria, maji na vyoo, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Wakati wa uhuru sehemu kubwa ya watu wazima hawakujua kusoma. Kufikia mwaka 1986, kwa hesabu za serikali, wasiojua walikuwa chini ya asilimia 10. Mzee huyu alijifunza herufi akiwa tayari ameoa. Kijitabu bado anacho, amekifunga kwa nailoni, na anakisoma. Nilipomuuliza kwa nini hicho na si kingine, alisema ndicho pekee kilichoandikwa kwa ajili yake.

Jibu hilo limenifanya niangalie upya rafu yangu. Kuna Zanzibar tele pale: Gurnah, Shafi Adam Shafi na Vuta N'kuvute yake ambayo vijana wanaigombea tangu filamu ya Amil Shivji ilipotoka mwaka 2021. Kuna Ukerewe ya Kezilahabi, kuna Dar es Salaam ya Musiba na Ben Mtobwa. Vitabu ninavyovifahamu kuhusu Wanyaturu wa hapa Singida vilivyoandikwa kwa utafiti mrefu, cha Harold Schneider cha mwaka 1970 na cha Marguerite Jellicoe cha mwaka 1978, ni vya Kiingereza, vya wasomi, na mzee wa Ilongero hawezi kusoma humo habari zake mwenyewe. Wasomaji wangu wameliona hilo kabla yangu. Katika kurudisha vitabu mwaka huu, wengi waliongeza swali la tatu ambalo sikuwa nimelipanga: cha kwetu kiko wapi? Wanataka mawe yetu, ziwa Singidani, dhahabu ya Sekenke waliyoanza kuichimba Wajerumani, ng'ombe wa mahari, reli ya kutoka Manyoni. Zaidi ya yote wanataka simba-watu, yale mauaji ya miaka ya 1940 ambayo wakoloni walisema yalifanywa na watu waliovaa ngozi za simba, wakakamatwa watu, wakahukumiwa kunyongwa. Kila ukoo una masimulizi yake.

Kwa sasa mjukuu wa yule mzee ndiye aliyeanza kuyaandika. Yuko kidato cha tano, anapenda hadithi, na jioni anamketisha babu yake anaandika kwenye kaunta buku. Alikuja juzi akiwa na tatizo la kweli la mwandishi: babu anasimulia simba-watu kwa namna mbili zisizopatana, moja aliyoipata kwa mama yake, nyingine ile iliyosemwa mahakamani, na kila akiulizwa ipi ni ya kweli anakasirika. Kijana alitaka nimchagulie. Nimemwambia aziandike zote mbili.